Kile cha Mjane Bado

Bel-Air, Lubumbashi, 7 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Jana ulipokuja kumchukua Séphora nilikusikia ukikohoa barazani. Mimi nilikuwa jikoni, nimefunga mlango, kama inavyompasa mama mkwe mwenye adabu. Tangu umwoe binti yangu tunajuana kwa kikohozi na kwa mwandiko tu. Basi nakuandikia, kwa sababu jambo hili sitaki lipite mdomoni mwa mtu wa tatu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Aliniweka kidevu juu ya chuma, akanipulizia upepo machoni, kisha akaniambia: "Mama, hii maladi ilisha kula kando. Yenye ilisha kwenda haitarudia. Iko inafunga pole pole, sawa rideau." Ugonjwa ni pazia, basi. Nikamwuliza litafungwa lini. Akasema labda mwaka, labda chini ya mwaka, akanipa matone. Usimwambie Séphora. Atanihamishia kwenu Kasapa kwa nguvu, nami sitaki kuzeeka nikiwa mgeni wa mtu.

Sasa swali langu. Rafu ya marehemu Ruben unaijua, maana umeviazima vitabu vyake kimoja kimoja mpaka ukawa mwana wa nyumba kupitia vitabu kabla hujawa kwa njia nyingine. Mimi nilifundisha Kifaransa maisha yangu yote. Niliwasomesha watoto wa watu vipande vya kurasa mbili mbili kutoka kwenye riwaya kubwa kubwa, na riwaya zenyewe nikaziahirisha. Nilisema nikistaafu. Nikastaafu, nikasema acha matanga ya Ruben yapite. Matanga yakapita, nikasema acha nipumzike kidogo.

Vimebaki vitatu vinene ambavyo sijavisoma: cha kinu, cha chumvi na cha mjane. Macho hayatatosha vyote. Nianze na kipi? Wewe ni mwalimu wa chuo, fanya kazi yako.

Nimechoka, mkwe wangu. Ugonjwa wenyewe hauumi. Kinachochosha ni kuchagua.

Mama yake Séphora,
Ngalula


Kasapa, 14 Aprili 2024

Mama mkwe,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya chuo, na makopi ya mitihani ya wanafunzi kwapani. Nimesikitika sana, na sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Kwa Séphora nitanyamaza kwa sababu umeniomba, ingawa njia ya mwongo ni fupi na yangu inaanzia kitandani mwangu mwenyewe.

Umeniuliza kama mwalimu, nitakujibu kama mwalimu. Anza na kile cha mjane. Ndicho kirefu kuliko vyote, na toleo hilo nililiona dukani mjini: herufi zake ni ndogo kama mtama na karatasi yake ni nyembamba hata maandishi ya nyuma yanatokea mbele. Hicho kinataka macho uliyo nayo leo, si ya Desemba. Kisha cha chumvi, juzuu mbili. Wachimba chumvi wale watakuchosha mwanzoni, maana kila mmoja ana majina matatu, lakini ukifika mgomo hutakiweka chini. Cha kinu kiache mwisho. Herufi zake ni kubwa, sura zake fupi, na hata mtu akiruka maelezo ya gurudumu hakosi kitu. Kinaweza kusomwa na mtu aliyebakiwa na macho kidogo.

Kile cha mjane mimi sijakisoma. Ni kitabu pekee cha rafu ile ambacho hukuwahi kuniazima. Kila nilipokiomba, Séphora alirudi na jibu kwamba kiko mkononi. Nikadhani unakisoma.

Na mimi nimechoka, mama. Mitihani ilicheleweshwa na mgomo, sasa yote imekuja pamoja. Lakini nikijua unasoma, nami nitasoma.

Mkwe wako,
Chola


Bel-Air, 2 Mei 2024

Mkwe wangu,

Asante kwa mpango wako. Ni mzuri, na sitaufuata. Kile cha mjane bado.

Nimeanza na cha kinu. Usikasirike. Najua mchagua jembe si mkulima, lakini jembe lile lingine ni zito na mimi ndiye nitakayelishika. Nasoma asubuhi, jua likiwa linaingia kwa dirisha la upande wa barabara, kabla wauza mikate hawajaanza kupiga kelele. Wale ndugu wanne waliorithi kinu kimoja wananikumbusha wajomba zangu na lile lori walilogawana. Yule wa tatu ndiye mjinga kabisa. Anampenda binti wa mnunuzi wa ngano, anamwambia kila mtu isipokuwa binti mwenyewe. Nilitamani kuingia ndani ya kitabu nimpige kofi.

Lakini huyu mwandishi, jamani! Anahesabu meno ya gurudumu moja baada ya jingine. Nami nilikuwa nawafundisha watoto kwamba kuruka ukurasa ni wizi. Nimeiba kurasa nyingi wiki hii na Mungu hajaniadhibu.

Séphora alipokuja Jumapili alininusa kama polisi. "Mama, mbona unaweka kitabu karibu na pua hivi?" Nikamwambia karatasi nzee zina harufu nzuri. Nakutumia cha chumvi juzuu ya pili, mimi bado sijakihitaji.

Mama yake Séphora,
Ngalula


Kasapa, 20 Juni 2024

Mama mkwe,

Umemaliza mwezi na nusu kwenye kitabu nilichokuambia ukiache mwisho. Niseme ukweli, nimekasirika. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha nyuma mwaka mzima.

Barua yako ya mwisho nimeilinganisha na ile ya Aprili. Mwandiko umekua, na mistari inateremka upande wa kulia. Huna haja ya kunieleza. Ndani ya mfuko kuna kioo cha kukuzia maandishi, nilikipata mjini kwa mtengeneza saa. Kishike karibu na karatasi na usogeze kichwa, usisogeze kioo.

Naomba ruhusa ya kuuliza jambo ambalo si la mkwe kuuliza. Una nini na kitabu kile? Kama ni kwa sababu mwanamke aliye ndani ni mjane kama wewe, niambie, tukivuke, twende cha chumvi. Au kama ni herufi, naweza kukisoma kwa sauti nikiwa hapa na kukurekodia kwenye simu. Utasikiliza ukiwa umelala. Nitaanza hata kesho.

Baridi ya mwaka huu ni kali na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Watoto wanakohoa wote. Tafadhali jifunike.

Mkwe wako,
Chola


Bel-Air, 11 Agosti 2024

Mkwe wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua moja sasa inanichukua siku nyingi. Naandika mstari, napumzika, narudi, siuoni mstari ulipoishia. Kama maneno yamepandana, yatenganishe mwenyewe.

Cha kinu nilimaliza. Yule mjinga alimwambia binti yule siku ya mwisho, binti akiwa tayari ameshika mizigo. Nililia, kisha nikajicheka. Cha chumvi nilikianza na kioo chako, nikafika kwenye mazishi ya msimamizi, na hapo herufi zikaanza kuogelea. Nimekiacha. Majina yao matatu matatu yamenishinda.

Uliniuliza, nitakujibu. Kile cha mjane si kitabu cha kusoma. Ni cha kusomewa. Ruben alikuwa akinisomea Jumapili baada ya misa, mimi nikichambua matamba, majani yetu ya muhogo, au nikipiga pasi. Nikisema ngoja, anangoja. Wakati mwingine nilisema ngoja ili nicheke, wakati mwingine ili nigombane na mwandishi. Yeye alikuwa anaweka kidole chake kwenye mstari na kunitazama tu. Tulifika sura ya saba tu. Jumapili moja akasema amechoka kifua, tutaendelea ijayo. Akaweka kipande cha kalenda kati ya kurasa. Ijayo yake haikufika. Wewe hukuwa mjini, ulikuwa masomoni, lakini matanga uliyasikia.

Tangu siku hiyo kitabu kimefungwa. Nikikisoma peke yangu nitakuwa nimemwacha njiani, na nisipokisoma sitajua kama yule mwanamke alimpata mtoto aliyechukuliwa bandarini. Mpaka juzi nilikuwa naona nina muda wa kuamua.

Simu sitaki. Simu haingoji mtu akisema ngoja. Séphora nilimjaribu na Zaburi, anasoma kama anasoma karatasi ya dawa. Wewe una sauti. Krismasi, mlipolala kwenye chumba cha nje, nilikusikia kupitia ukuta ukiwasomea watoto, nikazima redio.

Lakini mambo ni kama yalivyo. Kila mtu anajua la kwake la kufanya, na mimi si mwanamke wa kuomba.

Ngalula


Kasapa, 25 Agosti 2024

Mama mkwe,

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sijui nikujibu vipi bila kukosa adabu.

Umeandika kwamba kila mtu anajua la kwake la kufanya. Naam, mimi langu nalijua: ni kungoja. Kwetu mkwe haingii mpaka aingizwe. Aliye nje hagongi mlango, wala haulizi kwa nini umefungwa, kwa sababu kuuliza kwenyewe ni matusi kwa walio ndani. Nimengoja barazani kwako tangu nimwoe binti yako, na sijawahi kunung'unika, hata siku ile ya mvua. Kama familia yenu imeona bado sistahili, nimeielewa, na nitaendelea kukohoa kutoka nje. Naumia lakini nimeielewa.

Ila kitabu hakipaswi kufa kwa sababu yangu. Nina mwanafunzi anaitwa Deborah, mtoto mwenye adabu, anasoma vizuri kuliko sisi walimu. Atakuja Jumamosi mchana. Mwambie ngoja kadiri unavyotaka.

Mkwe wako,
Chola


Bel-Air, 15 Septemba 2024

Mkwe wangu

Deborah nimemrudisha. Alisoma vizuri. Nilipomwambia ngoja alingoja, lakini nilisikia vidole vyake vikicheza na simu.

Umeniandikia kwamba hatukuoni unastahili. Maneno mazito hayo kumwandikia mzee. Sisi ndio tuliodharauliwa na tukanyamaza. Miaka yote hii sijasema neno.

Usinitumie mtu tena. Usinitumie vitabu. Nimechoka. Kile cha mjane mtaniwekea ndani ya jeneza.

Ngalula


Mjini, 22 Septemba 2024

Mama, na wewe Chola,

Naandika nakala mbili za barua hii, mmoja asije akasema hakuiona. Naandika hapa kwenye duka la dawa, kati ya mteja na mteja.

Nimechoka. Nimebeba vitabu vyenu kutoka Bel-Air hadi Kasapa na kutoka Kasapa hadi Bel-Air mpaka bega moja limeshuka. Juu ya vitabu mkaniwekea barua, na sikuwahi kufungua hata moja. Wiki iliyopita Mama alinipa karatasi bila bahasha, ina maneno makubwa kama ya bango, na nilikuwa ndani ya teksi, sikuwa na pa kutazama pengine. Nikaisoma. Nilipofika nyumbani nikazitoa zile zote Chola anazozificha nyuma ya kamusi, nikazisoma pia. Mnisamehe au msinisamehe.

Kwanza, Mama, najua macho yako tangu Mei. Matone unayanunua kwa jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, unafikiri watu wa dawa hatuongei?

Pili. Nilikwenda kwa mama Mwaba, mama yako Chola, nikamwuliza kwa nini haya ya ukwe, hii ya kutotazamana, haijaondolewa mpaka leo. Akaniambia: "Sisi tunangojea bukari ya kwenu. Kwetu mama mukwe ndiye anapikaka, kuku muzima, anamuingiza mukwe mu nyumba, haya inaisha. Mama yako hakupikaka. Tukasema basi, bale ba Kasai hawatupendi." Nikatoka hapo nikaenda kwa mjomba Laurent, kaka yako Mama. Nikamwuliza swali lile lile. Akaruka kwenye kiti: "Ule mukwe hana mbuzi? Kwetu mukwe ndiye analetaka mbuzi ya kuondosha haya. Tunangojea mbuzi, mbuzi hakuna. Anatuzarau!"

Mmesikia? Mama amengoja mbuzi. Chola amengoja ugali na kuku. Na wote wawili mna adabu nyingi mno, hakuna aliyefungua mdomo kuuliza, kwa sababu anayeuliza ndiye anayeomba. Mimi nilizaliwa hapa Lubumbashi, sikufundishwa la huku wala la kule. Nilidhani ndivyo ukwe ulivyo kila mahali, mtu anakaa barazani na kukohoa.

Vitabu mmevichagua miezi mitano, kipi kitangulie, kipi kifuate. Macho hayakuwangojea. Fanyeni mnavyotaka, lakini mimi si posta tena. Na niseme hili pia kwa kuwa limekuja: barua zote hizo nilizobeba, hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Séphora


Bel-Air, 29 Septemba 2024

Chola,

Njoo Jumamosi. Nitapika. Mbuzi lete au usilete, lakini njoo. Laurent akisema neno nitamjibu mimi.

Ngalula


Kasapa, 3 Novemba 2024

Séphora, mke wangu,

Barua hii ni yako. Nimeiweka mwenyewe ndani ya mkoba wako, chini ya koti jeupe, na hakuna aliyeibeba zaidi ya mimi kutoka mezani mpaka mlangoni. Nilipaswa kukuandikia zamani. Nilikuwa nakuona kila siku, nikafikiri inatosha.

Jumamosi ile uliiona mwenyewe: mbuzi amefungwa getini akipiga kelele wakati wa sala, kuku mzima kwenye sahani, na mjomba Laurent akisimama kueleza kwamba mbuzi alifika kabla ya chakula kuwekwa mezani, kwa hiyo upande wenu ndio uliotangulia kuheshimiwa. Mama yangu naye akisema harufu ya kuku ilimfikia akiwa bado barabarani. Waache, watabishana mpaka wachoke. Kuna kitu sikukuambia siku ile. Nilipoingizwa na kuketi mbele ya mama yako, niliinua macho kumtazama kwa mara ya kwanza bila kuyashusha. Nimeuogopa na kuupenda uso huo bila kuujua. Naye alikuwa ameelekea dirishani, kwenye mwanga, kwa sababu uso wangu yeye hauoni tena. Ilinichoma, Séphora. Tulikuwa na miaka ya kutazamana tukaitumia kutazama ukuta.

Alinyoosha mkono akanishika kidevu, akasema, "Kumbe uko na ndevu." Ndiyo hayo tu.

Tangu hapo nakwenda kila Jumapili, kama unavyojua, na nilikuwa sikuelezi kinachotokea kwa sababu hakitokei kitu. Nasoma. Alitaka tuanze mwanzo, ili nisiingie kitabuni kama mwizi aliyepitia dirishani. Anasema ngoja mara nyingi sana. Ngoja ya kucheka, ngoja ya kwenda kunusa sufuria, ngoja ya kumtukana yule tajiri wa bandari. Zipo pia ngoja ambazo hazina sababu, nami naweka kidole kwenye mstari. Mwanzoni ziliniudhi, nikifikiria makopi yanayonisubiri nyumbani. Sasa ndizo ninazozingoja njia nzima. Natoka hapo nimechoka koo na mgongo, na wiki nzima inayofuata naibeba vizuri.

Leo ulikuwa zamu, ndiyo maana nakuandikia. Mvua ya kwanza ya kweli ilikuwa inapiga mabati, nikalazimika kupaza sauti kama padri. Nikageuza ukurasa, nikakuta kipande cha kalenda. Kimegeuka rangi ya chai. Nikaweka kidole kwenye mstari. Sikujua kama niseme. Yeye alikuwa anachambua matamba kwa vidole, haoni hata jani, na vidole vikasimama.

"Umefika," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikamwuliza kama nifunge, tukiache hapo, tusome cha chumvi kuanzia Jumapili ijayo. Nilikuwa tayari kufunga, na nilitaka aseme funga, kwa sababu niliogopa kukiendea kile kilichomshinda baba yako. Alinyoosha mkono. Nikampa kile kipande cha kalenda. Alikipitisha kwenye vidole, akakiweka kifuani ndani ya blauzi, akachukua tena matamba yake.

"Kutoka apa ata Ruben hakujua," akasema. "Soma pole pole."

Chola